Uzi: Mradi wa kwanza wa prosesa ya sauti (ADAU1701), tuanzie wapi?

SpikaZaMvita (mwenye uzi)

Salaam wadau,

Swali hili nimeulizwa faraghani mara nyingi, nikaona heri lifunguliwe uzi ili kila mtu afaidi. Mafundi wengi wa hapa Mombasa, wa muziki wa harusi, wa matatu na hata wa misikitini, wamekwisha kununua zile bodi ndogo zenye chipu ya ADAU1701 ya Analog Devices. Krosova (kugawa besi na twita), ikwalaiza (kurekebisha masafa), limita (kuzuia sauti isizidi), dilei (kuchelewesha sauti), zote zimo ndani ya chipu moja. Lakini ukizunguka Majengo na Makupa ukaulizia, utaambiwa "ninayo, iko kwenye droo". Fundi alianza na krosova ya njia tatu, akaongeza ikwalaiza ya bendi kumi, akamalizia na limita. Akabofya. Kimya. Sasa kosa liko kwenye waya, kwenye stima, kwenye programu au kwenye bodi? Hana pa kushika, maana vitu vyote viliingia njiani kwa pamoja.

Msimamo wangu ni huu: mradi wa kwanza usiwe na kitu chochote ila sauti kuingia, volyumu moja, sauti kutoka. Ukishaisikia, uihifadhi kwenye EEPROM (chipu ndogo ya kumbukumbu isiyofutika stima ikizimwa), uchomoe kompyuta, uzime, uwashe, uisikie tena. Ukifika hapo una msingi. Krosova na ndugu zake zitakuja juu ya msingi huo, moja moja, na kila ukiongeza unasikiliza.

Ijueni chipu kwanza. Ina njia mbili za kuingiza sauti na nne za kutoa, na vigeuzi vyote, vya kugeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti, vimo ndani yake. Ndiyo maana imekaa vizuri kwa stereo ya njia mbili: kushoto na kulia zinaingia, kisha besi mbili na twita mbili zinatoka. Kwa kawaida inapokea sampuli 48,000 kila sekunde, na katika muda wa kila sampuli ina nafasi ya maagizo 1,024, si zaidi. Haina menyu wala mfumo wowote wa ndani wa kusubiri uamke. Inasoma orodha ya maagizo kutoka juu hadi chini, inaanza tena kwa sampuli inayofuata, hivyo hivyo mpaka uizime. Uzuri wake uko hapo: haichelewi leo na kuwahi kesho. Stima yake ni 3.3V. Bodi nyingi za sokoni hupokea 5V na zina regyuleta yake, lakini soma maandishi ya bodi yako kabla ya kuchomeka chochote.

Utahitaji bodi yenyewe, adapta safi ya 5V, kiprogramu cha USB, kompyuta ya Windows, simu ya kutolea muziki, na spika ndogo za kompyuta. Nasema spika ndogo makusudi. Usije ukajifunza kwa amplifaya ya harusi na pembe (spika za honi za sauti ya juu) za thamani; mlipuko mmoja wa kelele unatosha kuunguza koili. Vipuri visivyopatikana mjini hapa watu huagiza Luthuli Avenue kule Nairobi, mzigo unakuja na basi la usiku na unauchukua Mwembe Tayari asubuhi.

Programu ni SigmaStudio, inapatikana bure kwenye tovuti ya Analog Devices. Ni ya Windows pekee.

Fungua mradi mpya. Kuna kurasa mbili za kuzijua. "Hardware Configuration" ni pale unapoiambia programu una vifaa gani mezani. "Schematic" ni pale unapochora njia ya sauti. Anza na ya kwanza. Buruta vitu vitatu uvilete kwenye ukurasa: USBi (ndicho kile kiprogramu cha USB), ADAU1701 na E2Prom (ndiyo EEPROM). Vuta waya mmoja kutoka USBi uende kwa ADAU1701, na mwingine kutoka USBi uende kwa E2Prom. Kisha chomeka kiprogramu. Kisanduku kilichoandikwa USB kitageuka kijani. Kisipogeuka, simama hapo hapo. Usichore kitu kingine mpaka uone kijani, kwa sababu lolote utakalolifanya baada ya hapo halitafika kwenye chipu.

Ukishapata kijani, ingia "Schematic". Leta "Input", leta kisanduku cha volyumu, leta "Output" mbili. Volyumu huja na njia moja. Ibofye upande wa kulia wa maus, chagua "Grow Algorithm", itaongeza njia ya pili. Chagua ile volyumu ya "slew", inayopanda na kushuka taratibu. Ya kawaida huruka, na kila ukiisogeza utasikia mikwaruzo. Sasa unganisha: mlango 0 wa kuingia upite kwenye volyumu utokee DAC0 (mlango wa kwanza wa kutokea), mlango 1 upite utokee DAC1. Volyumu iteremshe hadi -20 dB kwanza.

Bofya "Link Compile Download". Kona ya chini itaandika "Active: Downloaded", na dirisha la matokeo litakuambia umetumia maagizo mangapi kati ya 1,024. Mradi huu utatumia machache mno. Cheza wimbo kwenye simu, pandisha volyumu ukiwa kwenye kompyuta. Usikie ikipanda. Hapo si waya unaopitisha sauti, ni hesabu ya prosesa inayofanyika mbele yako.

Kinachofuata ndicho wengi hukiruka. Uliyoyapeleka yako kwenye kumbukumbu ya muda, ukizima yamepotea. Rudi kwenye ukurasa wa vifaa, bofya kulia juu ya ADAU1701, chagua "Write Latest Compilation to E2PROM". Utaulizwa ukubwa wa EEPROM na ukubwa wa ukurasa wake. Ya 24LC256 ni kilobaiti 32, ukurasa baiti 64. Kama hujui uliyonayo ni ipi, weka ukurasa wa 32: EEPROM yenye ukurasa mkubwa haina neno na hilo, lakini yenye ukurasa mdogo ukiilazimisha 64, data inajizungusha na kujiandika juu ya yenyewe. Pini ya WP (ya kuzuia kuandika) ya EEPROM iwe graundi wakati wa kuandika, la sivyo inakataa na huenda usijue kama imekataa.

Mwisho, pini ya SELFBOOT. Chipu husoma EEPROM pale tu pini hiyo ikiwa juu, 3.3V, wakati inapowashwa. Bodi nyingine zina jampa, nyingine zina swichi, nyingine tayari imelehemiwa juu. Hakikisha, zima, chomoa USB, washa. Wimbo ukicheza, umemaliza mradi wa kwanza.

Karibuni maswali. Anayejua zaidi aongeze.


TwitaWaLikoni

Ahsante kaka, nimeisoma nikiwa kwenye feri na nimerudi nyumbani kujaribu. Nimekwama kwenye kijani. Sina USBi ya kiwandani, bei yake ilinirudisha nyuma. Nilichonacho ni ile bodi ya CY7C68013A ya bei nafuu. Windows inaiona, SigmaStudio haiioni kabisa.


SpikaZaMvita

Hiyo inatumika vizuri tu, wengi tunayo. Shida ni utambulisho. Ikitoka kiwandani inajitambulisha kwa namba 04B4 na 8613, za Cypress. SigmaStudio inatafuta kifaa cha Analog Devices, ambacho namba yake inaanza na 0456. Hazifanani, kwa hivyo haina habari nayo. Kuna mradi wa wazi unaoitwa freeUSBi, unatoa faili ya kuandika kwenye EEPROM ndogo iliyo juu ya bodi hiyo hiyo ya CY. Ukishaiandika na kuchomeka upya, itajitambulisha kama USBi na kisanduku kitageuka kijani. Fuata maelezo yao ya jampa na ya pini, hatua kwa hatua.

Angalizo: EEPROM ya kiprogramu na EEPROM ya prosesa ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza iandike bodi ya CY ikiwa peke yake, kabla hujaiunganisha na prosesa. Ya pili ataiandika SigmaStudio.

Na waya za SDA na SCL, zile mbili za I2C ambazo kiprogramu na chipu huzungumzia, ziwe fupi, shibiri moja inatosha. Graundi za bodi zote mbili ziungwe. Angalia kama kuna resista za kuvuta juu, 2.2k kwenda 3.3V, kwenye kila waya. Bila hizo mazungumzo hayasikiki upande wa pili.


TwitaWaLikoni

Kijani! Graundi ilikuwa haijaungwa. Naendelea na volyumu.


FundiTanga

Wakuu habari za huko, salamu kutoka Tanga. Mimi nimefika mpaka sauti inatoka, na inajiwasha yenyewe bila kompyuta. Ila sauti imepungua kuliko nikichomeka simu kwenye amplifaya moja kwa moja. Volyumu nimeiweka 0 dB kabisa. Je, bodi ni mbovu niirudishe?


SpikaZaMvita

Usiirudishe, ni nzima. Tazama hesabu. Bodi ikiwa imewekewa resista za 18k kwenye milango ya kuingilia, kama zilivyo nyingi, mlango unajaa kwa 2V. Lakini upande wa kutokea, chipu hii ikijaa kabisa inatoa 0.9V tu. Kwa hivyo ukiweka 0 dB kwenye programu, kilichoingia na 2V kinatoka na 0.9V. Hiyo ni karibu 7 dB zimepungua kabla hujagusa kitu.

Kwa simu ni rahisi, maana simu nyingi hazifiki hata 1V. Pandisha 6 dB ndani ya programu, bado mlango wa kutokea hautajaa. Kwa mikisa kubwa mambo ni kinyume: kilele cha mikisa ya kazi hupita 2V kwa urahisi, na kikipita, kigeuzi cha kuingilia kinakata vichwa vya mawimbi. Sauti iliyokatwa mlangoni hakuna filta itakayoirudisha. Teremsha masta ya mikisa, au ongeza resista ya kuingilia ili mlango upokee zaidi.


FundiTanga

Nimepandisha 6, iko sawa na simu sasa. Mkuu umeniokoa na nauli ya kurudisha mzigo.


MzeeRedio

Vijana wangu, hamjambo. Mimi ni wa zama za valvu na nimefunga krosova za koili na kapasita maisha yangu yote, nyingine zingali zinapiga mpaka leo mitaani. Nauliza kwa nia njema: kwa nini mtu aache koili aingie kwenye kompyuta?


SpikaZaMvita

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kuingia humu. Krosova ya koili sina neno nayo. Inafanya kazi bila stima ya ziada wala programu. Lakini hukaa kati ya amplifaya na spika, kwa hivyo inakula nguvu tuliyokwisha kuilipia, na ukibadilisha twita inabidi ukokotoe upya, ununue upya, ulehemu upya. Prosesa inakaa kabla ya amplifaya, kwenye sauti ndogo. Ukitaka kuhamisha masafa kutoka 2,000 Hz hadi 2,500 Hz unaandika namba tu. Gharama yake ni kwamba kila njia inahitaji amplifaya yake. Mwenye amplifaya moja ya stereo abaki na koili zake, sitamshauri vingine.


MzeeRedio

Marahaba. Nimekuelewa, na hilo la kila njia na amplifaya yake ndilo walilonificha wauzaji. Basi nami niwape la kwangu. Twita mkiiunga moja kwa moja kwenye amplifaya yake bila kitu katikati, siku prosesa ikikosa kusoma EEPROM yake, au mmekosea kuunga njia kwenye kompyuta, besi yote itashuka kwenye twita na itaungua papo hapo. Wekeni kapasita mmoja mfululizo na twita. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya 20 µF inaanza kukata kwenye 1,000 Hz hivi. Ikiwa krosova yenu ni 2,000 Hz kwenda juu, haitawaharibia mengi. Iwe ya filamu au ile isiyo na chanya na hasi, si ya kawaida ya pawasapulai.

Na jambo la pili ni la mji wetu huu. Chumvi. Bodi ikikaa karibu na bahari bila kufunikwa, shaba inaota kijani na miguu ya chipu hizi mpya, kwa wembamba wake, inaliwa upesi. Mkimaliza kulehemu, safisheni kwa spiriti, ikauke vizuri, kisha mpulize vanishi ya bodi. Soketi na jampa zifunikwe kwa tepu kwanza zisipate vanishi. Halafu sanduku lifungwe. Nimeona amplifaya nzuri zikifa Nyali kwa sababu ya upepo tu.


SpikaZaMvita

Hili la kapasita naomba kila anayesoma uzi alinakili. Mimi siwashi twita bila hiyo.

Naongezea la mpangilio wa kuwasha: prosesa kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya kwanza. Vigeuzi vya kutokea hupiga kishindo vikiamka, na amplifaya ikiwa tayari imewaka, kishindo hicho kinaenda moja kwa moja kwenye koili. Hata ukibofya "Link Compile Download", teremsha amplifaya kwanza. Programu ikiwa inabadilishwa sauti hukatika na inaweza kurudi kwa mlio.


RutiYaBamburi

Hapo kwenye stima ndipo pananisumbua. Nyumbani mezani iko safi. Nikiiweka kwenye gari, kuna mlio mwembamba unaopanda nikikanyaga mafuta na kushuka nikiachilia. Nimebadilisha waya za sauti zote.


SpikaZaMvita

Huo ni wa altaneta, na waya za sauti hazina kosa. Kama mlio unafuata injini, unaingia kwa njia ya stima au ya graundi. Toa stima ya prosesa moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake karibu na betri, usiichukue kwenye waya za redio. Weka kigeuzi cha kushusha hadi 5V ambacho graundi ya kuingilia na ya kutokea hazijaungana ndani. Vile vya bei rahisi vya kuchaji simu graundi zake ni moja, havitakusaidia. Kisha graundi ya prosesa na ya amplifaya zikutane mahali pamoja tu kwenye bodi ya gari.

Na kwa walio nyumbani: mkisikia mngurumo wa 50 Hz au 100 Hz wakati laptopu imeunganishwa, chomoeni chaja ya laptopu, ibaki na betri. Mngurumo ukikoma, ni mzunguko wa graundi kati ya chaja na amplifaya, hakuna haja ya kugusa bodi. Prosesa ikishaanza kujiwasha yenyewe, laptopu inaondoka na tatizo linaondoka nayo.


RutiYaBamburi

Ni kweli stima nilitoa kwa redio. Nitavuta kutoka kwa betri wikendi hii. Na je, nikitaka kitufe cha kuzungusha volyumu kwa mkono pale kwa dereva, si lazima kompyuta?


SpikaZaMvita

Si lazima. Chipu ina pini nne zinazoweza kusoma volyumu za kuzungusha: MP2, MP3, MP8 na MP9. Chukua volyumu ya B10K. Mguu mmoja wa pembeni 3.3V, wa pili graundi, wa katikati uende MP9. Usithubutu 5V, pini hiyo haiivumilii. Kwenye SigmaStudio ingia sehemu ya rejista uiambie MP9 ni ya kusoma volti, kisha kisanduku chake ukiunge na volyumu inayokubali kuongozwa kutoka nje. Usomaji wake ni wa biti 8 tu, na namba ya mwisho haitulii, kwa hivyo hapa tena "slew" ndiyo itakayokuepusha na mikwaruzo. Waya hadi kwa dereva uwe wenye ngao.

Lakini hilo ni baada ya mradi wa kwanza kukubali.


MwanafunziTudor

Habari zenu. Niko mwaka wa pili wa uhandisi hapa Tudor. Tumefundishwa kwamba ndani ya prosesa namba zina kikomo, lakini naona kwenye ADAU1701 mtu anapandisha ikwalaiza +10 dB na haikwaruzi. Inawezekanaje? La pili, mimi natumia Linux, sina Windows.


SpikaZaMvita

Swali zuri. Ndani ya chipu namba zimeandikwa kwa mtindo wa 5.23: biti 5 upande wa namba nzima, 23 upande wa sehemu. Sauti iliyojaa mlango inahesabiwa kuwa 1, lakini nafasi iliyopo inafika karibu 16. Ukipiga hesabu, 16 ni 24 dB juu ya 1. Kwa hivyo katikati ya safari sauti ina nafasi ya kupanda 24 dB bila kukatwa. Ila ikifika kwenye mlango wa kutokea lazima iwe imerudi ndani ya 1. Ukipandisha besi +10 dB ukaiacha hivyo, sauti ndogo itapita salama na sauti kubwa itakatwa mlangoni. Ndiyo maana umeona haikwaruzi: ulikuwa unapiga taratibu. Mazoea yangu ni kupunguza kinachozidi badala ya kupandisha kinachokosa, na nikipandisha kitu 6 dB, nateremsha volyumu ya jumla 6 dB kabla yake.

Kuhusu Linux: kuchora na kukusanya kunahitaji SigmaStudio, kwa hivyo tafuta Windows ya kuazima kwa siku moja. Baada ya hapo tumia "Export System Files". Inakupa faili zenye programu na namba zote, na Arduino au ESP32 inaweza kuzipeleka kwenye chipu kupitia I2C kila ikiwashwa. Tena ukienda njia hiyo unaweza kubadilisha volyumu na filta wakati muziki unaendelea. Arduino ya 5V usiiunge moja kwa moja na chipu ya 3.3V, ESP32 tayari ni 3.3V.


MwanafunziTudor

Shukran sana. Ile ya 24 dB imenifungua, darasani ilibaki kuwa fomula tu.


SautiYaKupamba

Salaam. Mimi napigia muziki shughuli za wanawake, kupamba na kesha, Kibokoni mpaka Kisauni. Nimefuata uzi tangu mwanzo na mradi wa kwanza umekubali, EEPROM na yote. Nina besi mbili na vichwa viwili, amplifaya nne za njia ziko tayari. Naanza krosova, niweke nini?


SpikaZaMvita

Hongera dadangu, uko tayari.

Tumia Linkwitz-Riley ya 24 dB kwa oktavu. Imetokana na kazi ya Siegfried Linkwitz na Russ Riley, 1976, na hadi leo ndiyo ya kwanza kujaribiwa. Kwenye masafa ya kukutania kila upande uko chini 6 dB, na sauti mbili zikikutana hewani zinajumlika kurudi kiwango kilekile, hakuna shimo wala nundu. Hiyo ni ikiwa spika zote mbili ziko umbali mmoja na msikilizaji na nyaya zake hazijageuzwa chanya kwa hasi. Masafa yenyewe usiyachukue kwangu, yachukue kwenye karatasi ya pembe zako. Kaa juu ya kiwango cha chini walichoandika.

Ongeza njia moja kwanza. Iache twita bila kuungwa, peleka besi peke yake DAC0 na DAC1, sikiliza: sauti ya mwimbaji iwe imefifia, ngoma zimebaki. Kisha besi zichomoe, twita DAC2 na DAC3, kwa spika ile ndogo ya kompyuta, si kwa pembe. Usikie tashkota na fidla, besi isiwepo kabisa. Ukihakikisha kila mlango unatoa chake, ndipo uunge pembe, na kapasita ya Mzee iwepo. Kwa taarabu sikiliza hasa sauti ya mwimbaji pale inapohama kutoka spika moja kwenda nyingine, maana maneno ndiyo wageni waliyoyajia, na besi kubwa huyafunika.


SautiYaKupamba

Imekubali, na maneno yanasikika mpaka nyuma ya ukumbi, ila si kwenye hema. Hema langu la mtaani ni refu, mita 25 hivi. Waliokaa nyuma wanasikia vibaya, na nikiwawekea spika ya nyuma inakuwa kama mwangwi. Nimeona kuna kisanduku cha dilei. Nikiweka dilei ya mita 25 chipu inakataa kukusanya.


SpikaZaMvita

Inakataa kwa sababu ya kumbukumbu. Dilei ni kuzihifadhi sampuli mpaka wakati wake ufike, na ADAU1701 ina nafasi 2,048 za kuhifadhia. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni milisekunde 42.7, na si zote ni zako, filta nazo zinatumia. Kwa joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, yaani kila mita inachukua karibu milisekunde 2.9. Kwa hivyo hata ungeimaliza kumbukumbu yote, hupati zaidi ya mita 14.9.

Na kuna la kuongeza. Ukitaka mgeni wa nyuma asikie kama sauti inatoka kwa bibi harusi pale mbele, spika ya nyuma ichelewe milisekunde 10 zaidi ya hesabu ya umbali. Sikio hufuata sauti iliyofika mwanzo. Hizo 10 ukizitoa, na ukiacha kidogo kwa ajili ya filta, unabaki na kama mita 10 au 11 kati ya spika za mbele na za nyuma.

Kwa hema la mita 25, weka spika ya pili mita 10 kutoka za mbele, ielekee nyuma, dilei milisekunde 39. Anza nayo kwa sauti ndogo, pandisha mpaka waliokaa nyuma wayapate maneno, usipite hapo. Ila milango minne umekwisha kuitumia yote kwa krosova, kwa hivyo besi ifanye mono: mlango mmoja kwa besi zote mbili, twita mbili, na mlango wa nne uwe wa spika ya nyuma.

Ukihitaji umbali mkubwa zaidi, ipo ADAU1452. Inaweza kushika dilei ya hadi milisekunde 800 kwa 48,000, na inafanya maagizo 6,144 kwa sampuli. Lakini haina vigeuzi ndani, utanunua bodi ambayo vigeuzi vimo tayari.


SautiYaKupamba

Besi mono sikuifikiria, na kwa hema haina hasara yoyote. Mita 10 napata, nguzo ya tatu iko hapo hapo. Kaka, hiyo faili ya mradi wa kuanzia utaipandisha hapa?


SpikaZaMvita

Nitaipandisha usiku huu, ya sauti kuingia, volyumu na kutoka pekee. Ya krosova nitaiweka kwenye faili yake mbali, ili anayeanza asiiguse kabla ya ile ya kwanza kumcheza bila kompyuta. Mtakaoichukua andikeni hapa bodi zenu ni zipi na jampa ya SELFBOOT iko wapi, tuziorodheshe kwa wanaokuja.